Kabla hawajatuchorea, tuchore wenyewe

Mpe kijana yeyote wa kwetu karatasi na kalamu, umwambie achore kikosi cha msaada cha mwaka 2075, kile cha hadithi za sayansi tunazoangalia usiku kwenye telefone. Baada ya dakika kumi atakuletea kifaru. Kitakuwa na miguu minne ao sita pahali pa magurudumu, kitakuwa na msalaba mwekundu ubavuni, na juu kabisa kitakuwa na mzinga. Ukimuuliza, "Sasa huu mzinga ni wa kutibu nani?" atakujibu bila kucheka: "Yaya, mule njiani muko watu."

Wandugu, jibu lile si la kitoto. Toka Kasongo mpaka Kabambare, toka Kabambare mpaka Salamabila, nani kati yetu hana ndugu aliyesimamishwa njiani na watu wenye silaha? Mkono unachora kile ambacho macho yamezoea. Hata pale kijana anapotaka kusaidia, mkono wake unaanza na vita, msaada unakuja nyuma kama rangi ya kupaka.

Michoro ya namna hii imezunguka sana katika vikundi vyetu. Wengine wamesema ni michezo, tuiache, kuna mambo makubwa zaidi. Hapa tunakataa. Ni jambo kubwa sana kujua nani anachora chombo kitakachokuja kukubeba siku utakapougua. Mpaka leo karibu vyombo vyote vya msaada vinavyofika kwetu vimechorwa mbali, na watu wasiojua potopoto ya kwetu mwezi wa kumi na mbili. Land Cruiser inafika na bendera yake, inakwama mahali palepale ambapo ya mwaka uliopita ilikwama, na vijana wa kijiji wanaitwa kuisukuma. Kila mwaka tunasukuma chombo ambacho hakuna aliyetuuliza kama kinafaa.

Basi tuongee michoro, lakini tuiongee vizuri.

Katika michezo ya vita na katika filme, kikosi cha msaada ni kile ambacho hakuna mtu anakichagua kwanza. Ni watu na mashine zao wanaotengeneza kilichovunjika, wanaobeba maji, wanaotibu, wanaoleta mafuta. Wanaopigana wanapata picha kwenye bango. Lakini mchezaji mwenye akili anajua: ukikosa msaada, umekwisha. Katika Star Wars, R2-D2, kile kiroboti kifupi, kazi yake kubwa ni ya fundi. Na kuna habari yake inayotuhusu sisi. Mwaka 1975, kabla filme haijapata pesa zake zote, George Lucas alimpa Ralph McQuarrie kazi ya kuchora na kupaka rangi mambo yaliyokuwa bado yako kichwani tu. Picha zile ziliwekwa mbele ya wenye pesa, na zilisaidia kuwafanya waamini. Mchoro ulitangulia pesa. Kwetu tunangoja pesa ije kwanza, na ikija inakuja na mchoro wa mwingine ndani yake.

Tena, mji wetu umeshawahi kuchora kitu ambacho nchi nzima ilikifuata. Waulize wazee wa hospitali. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na Mradi wa Kasongo, kazi ya madaktari na manesi wa hapa pamoja na chuo cha tiba za nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa jepesi mpaka unajiuliza kwa nini halikuwepo zamani: weka vituo vya afya karibu na watu, manesi wawaangalie wagonjwa wa kila siku, na hospitali moja ya katikati ipokee wale ambao kituo kimeshindwa. Utafiti wa Kasongo juu ya chanjo ya surua ulitoka katika gazeti la madaktari la Lancet mwaka 1981, na watu wa afya wa nchi za mbali wanaujua mpaka leo kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Mawazo yaliyojaribiwa Kasongo yaliingia katika zile zoni za afya za Zaire yote, na ndizo tunazo bado.

Sasa chora wazo lile kwenye karatasi. Duara kubwa katikati, njo hospitali. Maduara madogo kuzunguka, njo vituo vya afya. Kisha vuta mstari toka kila duara dogo mpaka duara kubwa. Karatasini mstari ni wa senti tano za wino. Lakini nenda kauone kule chini: ni kijia cha nyasi ndefu, ni miti miwili iliyolazwa juu ya mto, ni daraja lililoondoka na maji, ni baki ya Lualaba isiyokuwa na mazuti, ni mvua, ni kizuizi cha watu wenye bunduki wanaotaka franga. Nesi amefanya kazi yake, ameona kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni, ameandika karatasi ya kumpeleka mama hospitali. Karatasi ile ni sahihi. Mama anakufa juu ya mstari.

Hoja yetu ya leo ni hiyo moja. Kikosi cha msaada cha Kasongo na Kabambare, hata kiwe cha mwaka 2075, hata kiwe na roboti, kazi yake ni mstari. Si kambi, si uwanja wa vita, si duara. Rasimu yoyote isiyoanza na mstari ni kifaru kilichovaa koti ya daktari.

Namna gani unaanza na mstari? Unaacha kuchora mashine kwanza. Rasimu ya kwanza iwe ya njia yenyewe, iliyokatwa kama mkate: upana wake, mteremko wake, tope linafika wapi mguuni. Weka mtu mzima amesimama pembeni ili tujue vipimo. Njia nyingi zetu ni pana kama mabega ya watu wawili, na palipokanyagwa sawasawa ni pana kama gurudumu moja tu, lile la kinga. Tayari hapo miguu sita ya yule roboti haipiti. Inaharibu mihogo ya watu huku na huku, na mwenye shamba atakusimamisha kabla ya mtu wa bunduki.

Rasimu ya pili iwe ya mzigo. Mama mwenye uchungu amelala, na anahitaji mtu wa kumshika mkono akitembea pembeni. Damu ya kumuongezea mgonjwa inataka kukaa kati ya digrii 2 na 6. Chanjo, kati ya 2 na 8. Chupa ya oksijeni haipendi kupigwapigwa. Chora hivi vitu kwa ukubwa wake wa kweli, vipange, uone vinachukua nafasi gani. Hapo ndipo mashine inaanza kujichora yenyewe. Wachoraji wetu wanajua hisia hii: unaacha kutafuta umbo zuri, na umbo linakuja.

Wa zamani wetu walishalijibu swali hili kwa kipoyi. Nguo, ao kiti, ao kitanda cha mianzi kwenye mti mrefu, watu wawili mbele, wawili nyuma, na wengine wanafuata ili kubadilishana. Kipoyi kinapita pahali pote mtu anapita. Hakitaki mazuti. Kikivunjika, kinatengenezwa porini kwa dakika tano. Ubaya wake ni mabega: watu wanachoka, na lazima kijiji kizima kiache kazi. Goma wana chukudu yao, ile baiskeli ya mbao isiyokuwa na pedali, na waliiwekea sanamu katikati ya mji. Ukiniuliza mimi, rasimu ya tatu inazaliwa hapo katikati ya kipoyi na chukudu: gurudumu moja kubwa la katikati linalobeba uzito, mikono miwili mbele na miwili nyuma ya kulisawazisha, injini ndogo ya umeme ya kusaidia kwenye mlima, na bamba la jua juu ya kichwa cha mgonjwa ambalo pia ni kivuli chake. Linaweza kubebwa kichwani wakati wa kuvuka mto. Halina uso wa roboti. Linaonekana kama kitu cha nyumbani, na hiyo ni sifa.

Kubebeka ni jambo la kukazia, na historia ya hapahapa inalifundisha vizuri, hata kama mwalimu simpendi. Stanley alipita Maniema mwaka 1876 akielekea Nyangwe, na watu wake walikuwa wamebeba mashua. Iliitwa Lady Alice, urefu wake karibu mita 12, na ilichorwa Uingereza ili ivunjwe vipande na kuunganishwa tena kwenye maji. Wazo la akili sana. Lakini ilipofika Zanzibar, vipande vilionekana kuwa vizito mno, vingine zaidi ya kilo 120, na ilibidi fundi mbao avikate tena ili mabega ya wapagazi yaviweze. Mchoraji wa Uingereza alipima maji, hakupima bega. (Na tusijidanganye juu ya nia ya safari ile. Mashua ile ilimfungulia njia Leopold, na walioibeba majina yao ni wachache sana wanaoyajua.) Rasimu ikosolewe na bega mapema, sio wakati chombo kimeshashuka kwenye ndege ya Kindu.

Salamabila ni habari nyingine, na inataka chombo kingine. Kule vijana wenzetu wanaingia chini ya ardhi kutafuta zahabu, kwa kamba na tochi ya kichwa, na shimo likianguka wanaochimba kuwatoa ni marafiki zao kwa mikono. Katika mwaka 1963 mgodi wa chuma wa Lengede, Ujerumani, uliingiwa na maji. Wanaume 11 wa mwisho walitolewa wakiwa wazima baada ya siku 14, kwa shimo lililochimbwa toka juu. Mashine ya kutoboa ililetwa toka mbali kwa gari la moshi, na ilichukua muda. Muingereza mmoja, Gerry Anderson, alifuata habari ile akajiuliza: kwa nini mashine za kuokoa hazikuwa tayari pahali pamoja, na chombo cha kuzifikisha haraka? Toka swali hilo akaunda pamoja na mke wake Thunderbirds, filme ya vikaragosi iliyoonyeshwa kwenye televisheni kuanzia 1965. Ni familia yenye mashine za ajabu ambazo hazipigani na mtu. Ndege yao kubwa ya kijani, Thunderbird 2, inabeba sanduku tumboni, na sanduku linabadilishwa kulingana na ajali: leo mashine ya kutoboa, kesho kifaa cha kuzima moto.

Hadithi ya watoto, sawa. Lakini ilizaliwa katika mgodi, na ilianza na swali ambalo kila mchimbaji wa Kabambare anaweza kuliuliza. Sanduku lile linatufaa. Fikiria masanduku madogo yaliyowekwa katika vituo vya afya, moja la kuzaa, moja la shimo lililoanguka, moja la kipindupindu, kila moja na rangi yake, na chombo kilekile cha gurudumu moja kinalichukua lile linalohitajika. La shimo lina kamba, nguzo fupi za chuma za kushikilia udongo, mpira wa kupitisha hewa, na kitu cha kusikilizia sauti chini. Hapa mchoraji ana kazi nzuri kuliko kuchora mzinga.

Najua kuna wanaosema, kwa nini usipite juu kabisa, drone inaruka, potopoto haiihusu. Mwaka 2018 kule Tanzania ilijaribiwa: drone ilipeleka dawa toka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, juu ya maji ya ziwa. Inawezekana, na kwa damu na chanjo ningeichora leo. Lakini drone ya namna hiyo inabeba kifurushi. Mama bado amelala chini. Tena pembeni ya watu wenye silaha, kila kinachoruka kinaitwa jasusi.

Turudi basi kwa lile jibu la kijana wetu, kwamba mule njiani muko watu. Hatuwezi kulikimbia, kwa sababu kila rasimu itafia pale tusipolijibu. Yeye alijibu kwa mzinga. Tumfuate mpaka mwisho: mzinga unahitaji risasi, risasi zinahitaji mlinzi, mlinzi ni askari, na siku ya pili kikosi chako ni kundi jingine lenye silaha kwenye njia ileile, na nesi amekuwa adui wa mtu. Mchoro unaweza kujibu kwa akili nyingine. Chora chombo ambacho hakina faida kwa mwizi. Kiende polepole kama mtu anayetembea. Betri yake isifae kwenye pikipiki wala kwenye redio. Gurudumu lake lisiingie kwenye kinga. Kionekane toka mbali, na kiwe na sauti yake, kengele ao wimbo, ili watu wajue kinapita na amefichwa nani: hakuna. Ubavu wake uwe wazi, mgonjwa aonekane. Kitu kilichofunikwa njiani kwetu kinaleta maswali. Na wanaosukuma wawe watu wa vijiji vya njia ileile, wanaopokezana toka kijiji mpaka kijiji, kama kipoyi kilivyofanya siku zote. Mtu wa bunduki anazaliwa na mama pia, na mara nyingi katika vijiji hivyohivyo. Sisemi kwamba hiyo inatosha. Nasema inaweza kuchorwa, kupelekwa kwa wanaotembea njia ile, na kubishaniwa.

Halafu kuna swali la vifaa: tutachora na nini, umeme haupo, kompyuta haipo? Wandugu, Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima ya kesho Kinshasa kwa karatasi, maboksi na makopo ya vinywaji. Mwaka 1991, wakati ukimwi ulikuwa unaua na watu wanaogopa hata kulitaja jina lake, alitengeneza maketi ya hospitali ya ukimwi, yenye rangi na fahari kama hoteli kubwa. Hakuna serikali iliyoijenga. Lakini inaonyesha kitu: mgonjwa anayestahili jengo zuri. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yaliweka kazi zake kwa heshima kubwa. Lubumbashi yuko Jean Katambayi Mukendi, fundi wa umeme kwa masomo, anayeunda mashine kwa katoni na nyaya na kuchora taa kubwa kwenye karatasi, katika mji unaokatiwa umeme. Na hapahapa Nyangwe, mwaka 1871, Livingstone alipoishiwa karatasi aliandika kwa wino wa mimea juu ya gazeti la zamani. Kwenye makaratasi hayo aliandika mauaji aliyoyaona sokoni tarehe 15 Julai. Maandishi hayo yalifika London, na yalisaidia kusukuma soko la watumwa la Zanzibar lifungwe mwaka 1873. Karatasi chakavu ya Kasongo ilishasafiri mbali.

Mfano mwingine ni wa mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, ambaye mwaka 2013 roboti zake za alumini na jua zilisimamishwa kwenye njia panda za Kinshasa kuongoza magari. Ni mama wa Kikongo aliyetoka kwenye mchoro mpaka barabarani, na tunamsalimu. Lakini angalieni ni roboti gani nchi ilifurahia kwanza: polisi. Inasimama, inaamuru, inapiga picha ya aliyekosa. Wakati wa roboti inayobeba haujafika bado, na hautafika kama sisi wenyewe tunachora vifaru.

Kuna watakaosema hii yote inamuachia mkubwa wa teritware usingizi mtamu: vijana wanachora, barabara inabaki shimo. Kinyume chake. Daraja ni deni la serikali na tutaendelea kulidai, na mchoro haulipi deni la mtu. Lakini tumezoea kudai kwa maneno makubwa, "tunataka afya, tunataka usalama", na wanatujibu kwa maneno makubwa vilevile. Ukiweka mezani mchoro wenye vipimo, wenye njia yenyewe toka kituo fulani mpaka hospitali, na mito mitatu imeandikwa, mkubwa hawezi kujibu "tunashughulikia". Atabidi aseme mto gani, lini, na kwa nini hapana.

Kwa hiyo rasimu zenu zituletewe. Kila mmoja achague mstari mmoja anaoujua kwa miguu yake, sio wa kusikia. Aupime kwa hatua, auchore kwanza bila mashine. Awaonyeshe watu watatu kabla ya sisi: nesi wa kituo, mtu aliyewahi kubeba kipoyi, na mama aliyewahi kubebwa. Waliyoyakataa yaandikwe pembeni ya mchoro, na mchoro wa zamani usitupwe, tuutaka pia pamoja na makosa yake. Wa Samba wachore wakifikiria reli, wa Kasongo wakifikiria baki, wa Kabambare wakifikiria Luama ikijaa.

Na kuna swali moja ambalo katika michoro yote niliyoiona hakuna aliyeligusa: usiku, kazi ikiisha, chombo kinalala wapi, na ufunguo anao nani? Kikilala kwa chifu kitakuwa cha chifu. Kikilala kwenye kituo, nesi atakuwa mlinzi juu ya kuwa nesi. Anayechora nyumba yake achore na mlango.